Kabla ya kuomba bei ya pampu ya kiwandani: ieleze kazi, si pampu

Barua iliyotoka katika kiwanda kimoja cha kusindika vyakula karibu na Jinja, ambako nilikuwa nikisaidia upande wa ununuzi, ilikuwa na sentensi moja tu ya maana: "Tunaomba bei ya pampu ya maji ya hp 20, inchi 4, yenye ubora." Ilipelekwa kwa wauzaji watatu wa Kampala, na majibu yakarudi ndani ya siku nne. Bei ya juu ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya chini. Meneja alizitandaza karatasi tatu mezani akauliza ni nani kati ya hawa anayetuibia. Hakuna aliyekuwa akituibia. Kila mmoja alikuwa ametoa bei ya pampu yake aliyoikisia kichwani, kwa sababu barua yetu haikuwa imeeleza kazi yoyote.

Nilipowapigia simu mmoja baada ya mwingine, mambo yalijitokeza. Wa kwanza alikuwa amekisia kwamba maji yanapanda mita 30, akachagua pampu ya chuma cha kutupwa pamoja na mota yake. Wa pili, kwa kuwa alijua sisi ni watu wa vyakula, alidhani maji hayo yanagusa bidhaa moja kwa moja, akaweka pampu ya chuma kisichoshika kutu. Wa tatu alikuwa ametoa bei ya pampu tupu, bila mota, bila kitako, bila kaplingi ya kuunganisha pampu na mota, na ndiyo maana karatasi yake ilivutia macho kuliko zote. Kumwambia muuzaji "hp 20" ni kama kumwambia fundi cherehani wa Kiyembe kwamba unataka nguo ya mita tano za kitambaa, kisha ukaondoka bila kusema kama ni kanzu au gomesi, vazi la heshima la wanawake. Nguvu ya mota, hiyo hp au nguvu farasi, ni jibu la hesabu. Anayeomba bei anatakiwa kupeleka vile vitu vinavyoingia kwenye hesabu, si jibu alilolisoma kwenye kibandiko cha mashine iliyokufa.

Kitu cha kwanza ni mtiririko, yaani ujazo wa kimiminika unaotakiwa kupita kwa saa. Ni kitu chepesi kukieleza, na pengine ndiyo sababu watu hukikisia. Sisi tulianza na mahitaji. Mita za maji za idara mbalimbali zilionyesha kwamba siku ya kazi nyingi kiwanda kinatumia mita za ujazo 900. Saa za kilele cha umeme, ambazo kwa wateja wa viwandani hapa Uganda zilikuwa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku na zilikuwa na bei ya juu, meneja alitaka pampu ipumzike. Zikabaki saa 18, tukatoa mbili za matengenezo, zikabaki 16. Ukigawa 900 kwa 16 unapata kama 56, nasi tukaandika mita za ujazo 60 kwa saa.

Kisha tukapima kilichokuwa kikifika kweli. Tangi letu la kilimani ni la zege, mita 5 kwa 4. Tulifunga koki ya kutokea, tukasimamisha rula ndefu ukutani mwa tangi, na kwa dakika 6 maji yakapanda sentimita 21. Hiyo ni mita za ujazo 4.2 kwa dakika 6, sawa na 42 kwa saa. Zoezi zima lilichukua muda wa kunywa chai, na lilitupa namba mbili ambazo hakuna kibandiko kingeweza kutupa: kiasi kinachohitajika na kiasi kinachopatikana.

Nasema juu ya kibandiko kwa sababu kimewaponza wengi. Kwenye pampu nyingi ndogo na za kati huandikwa mtiririko wa juu kabisa na kimo cha juu kabisa, yaani mita ambazo pampu inaweza kuyasukuma maji kwenda juu, na msomaji huamini kwamba pampu hiyo inatoa vyote viwili kwa pamoja. Haiwezekani. Kimo cha juu kabisa hupatikana wakati koki imefungwa na hakuna tone linalopita; mtiririko wa juu kabisa hupatikana wakati maji yanamwagika hapo hapo mdomoni mwa pampu bila kupanda popote. Kazi halisi iko katikati, kwenye mstari wa mchoro unaotolewa na mtengenezaji, na muuzaji hawezi kuweka alama kwenye mstari huo ikiwa hajapewa namba zote mbili za kazi yako. Vipimo navyo vitajwe kwa majina yao kamili. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546 na ya Marekani ni lita 3.785, kwa hiyo neno "galoni" likiachwa bila kufafanuliwa linaweza kubadilisha kazi kwa karibu sehemu ya tano. Mita za ujazo kwa saa hazina utata huo.

Kuna tabia nyingine ya kuangalia hapa, nayo ni ya watu wema. Mwendesha mitambo huongeza asilimia 10 ili asilaumiwe, mhandisi huongeza 15 kwa ajili ya siku za usoni, muuzaji naye huongeza 20 ili pampu isionekane dhaifu. Ukizidisha yote hayo, mita za ujazo 60 zimekuwa 91, na pampu inayonunuliwa ni kubwa kwa nusu nzima kuliko kazi. Pampu ya namna hiyo hufanya kazi mbali na sehemu ya mchoro inakofaa, hutetema, hula beringi na sili ya kuzuia maji yasivuje, na mwisho mtu hubana koki ili kuituliza, huku umeme ukilipiwa kama kawaida. Akiba na iwepo, lakini iandikwe mara moja, na barua iseme wazi kwamba tayari imo.

Kitu cha pili ni kimo, na hapa ndipo pesa nyingi hujificha. Watu wengi hufikiri kimo ni urefu wa mlima. Urefu huo ni sehemu moja tu. Unapimwa kutoka usawa wa chini kabisa wa maji yanayovutwa, si kutoka pale pampu ilipokaa, hadi mahali bomba linapomwaga. Meneja alisema kwetu ni "kama ghorofa tano", fundi akasema mita 15. Tulichukua mpira mwangavu wenye maji, ule ambao mafundi wa ujenzi hutumia kusawazishia msingi, tukapanda nao kilima hatua kwa hatua, tukipiga vigingi na kujumlisha. Tulipata mita 22.

Kwa wanaovuta maji ziwani, usawa wa chini kabisa ni swali la miaka, si la siku. Mwaka 2006 Ziwa Viktoria lilishuka mno. Mwaka 2020 likapanda hadi kufunika fukwe na nyumba za kandokando. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni zaidi ya mita 2, na pampu iliyochaguliwa kwa kipimo cha siku moja ya jua haitajua lolote kuhusu historia hiyo.

Sehemu ya pili ya kimo ni msuguano wa maji ndani ya bomba. Bomba letu lilikuwa la plastiki, kipenyo cha ndani karibu milimita 100, urefu wa mita 600. Ukipitisha mita za ujazo 60 kwa saa katika bomba hilo, maji hukimbia kwa zaidi ya mita 2 kwa sekunde, na kila mita 100 za bomba hula kama mita 4.3 za kimo. Kwa mita 600 ni karibu mita 26. Yaani msuguano ulikuwa unakula zaidi ya kilima chenyewe. Bomba la milimita 150 lingekula chini ya mita 4 kwa safari hiyo hiyo, kwa kuwa msuguano hupungua kwa kasi kubwa sana kipenyo kinapoongezeka.

Ukijumlisha na viwiko na valvu, bomba la inchi 4 linadai kimo cha mita 50 hivi, na la inchi 6 linadai mita 27. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 72 itahitaji kilowati 11.4 kwenye shafti katika hali ya kwanza, na kilowati 6.1 katika hali ya pili. Katika hali ya kwanza utanunua mota ya kilowati 15, ambayo ndiyo ile hp 20 ya barua yetu. Katika ya pili ya kilowati 7.5, yaani hp 10. Kwa saa 16 kwa siku na siku 300 kwa mwaka, tofauti hiyo inazidi uniti 25,000 za umeme. Msomaji atafute ankara yake ya mwisho na azidishe mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati ya wauzaji watatu ambaye angeweza kutuambia jambo hili, kwa sababu barua ilitaja "inchi 4" kana kwamba ni sifa ya pampu, wakati ilikuwa sifa ya bomba ambalo mtu fulani alilinunua miaka mingi iliyopita kwa sababu ndilo lililokuwa dukani.

Kwa hiyo kwenye taarifa ya mradi unayoipeleka pamoja na barua, andika urefu wa bomba, kipenyo chake cha ndani, limetengenezwa kwa nini, lina umri gani, na lina viwiko na valvu ngapi. Ikiwa mwisho wa bomba unahitaji presha, kwa mfano kwenye mashine ya kuoshea chupa, itaje pia: bar 1 ni sawa na kama mita 10 za maji. Mchoro wa mkono wenye namba hizi unatosha. Nimeona mchoro wa penseli uliochorwa nyuma ya karatasi ya mishahara ukimsaidia muuzaji kuliko kurasa kumi za maelezo yenye mihuri.

Upande wa kuvuta ndio unaosahaulika kuliko wote, na ndiko pampu yetu ilikofia. Nilipofika kiwandani mara ya kwanza, fundi wa zamu, kijana kutoka Busia, aliniambia, "Mkubwa, hii pampu inatafuna kokoto usiku tu. Mchana inanyamaza." Nikamuuliza, "Kuanzia saa ngapi, ndugu yangu?" Akajibu, "Saa tano hivi, mpaka wale wa asubuhi waje na reki." Jibu hilo nililiandika bila kulielewa.

Sauti ya kokoto ni dalili ya kavitesheni. Pampu haiyavuti maji kwa kamba. Inachofanya ni kupunguza presha mdomoni mwake, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Presha ikishuka kupita kiasi, maji huanza kuchemka bila kuwa ya moto, yanatoa mapovu ya mvuke, na mapovu hayo yakifika kwenye presha ya juu ndani ya impela, lile gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, yanapasuka kwa kishindo na kuinyofoa chuma kidogo kidogo. Impela yetu iliyotolewa ilikuwa na vishimo kama andazi lililoliwa na mchwa, ikiwa mchwa wangekula andazi.

Sasa uzito wa hewa haulingani kila mahali. Mombasa, usawa wa bahari, hewa inaweza kuinua maji mita 10.3. Ziwa Viktoria liko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa inabeba kama mita 9 tu. Kwenye mita 2,000, kama katika milima ya Kigezi, zinabaki mita 8 na kidogo. Katalogi nyingi zinazotufikia hutoa mifano kwa hesabu ya usawa wa bahari, na mnunuzi asiyetaja mwinuko wa mahali pake huhesabiwa kama mtu wa pwani.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Kutoka mita 9 za hewa tulitoa mita 0.3 kwa ajili ya mvuke wa maji ya nyuzi 25, mita 3.5 za kupandisha maji kutoka kwenye shimo hadi kwenye pampu, na mita 0.7 za msuguano wa bomba la kuvutia. Zilibaki mita 4.5. Katalogi ya pampu ilidai isipungue mita 3.5; kipimo hiki ndicho kinachoandikwa kwenye karatasi za watengenezaji kwa herufi NPSH. Mchana, basi, mambo yalikuwa salama. Lakini maji ya shimo yaliingia kupitia kichujio cha nondo kilichokuwa kikizibwa na magugu maji, na watu wa kuyaondoa kwa reki walikuwa wa zamu ya asubuhi pekee. Usiku kichujio kiliziba, shimo likashuka mita 1.8, na ile akiba ikabaki mita 2.7. Pampu ikaanza kutafuna kokoto. Pampu hiyo hiyo, kwenye shimo kama hilo huko Mombasa, ingebaki na mita 4 na isingelia.

Maana yake ni kwamba pampu yoyote kati ya zile tatu tulizopewa bei, hata ile ya gharama kubwa, ingekufa kwa ugonjwa ule ule. Katika taarifa ya mradi, eneo hili linahitaji usawa wa juu na wa chini wa maji, umbali wa wima hadi pampu, urefu na kipenyo cha bomba la kuvutia, aina ya kichujio na valvu ya chini, mwinuko wa mahali, na joto la kimiminika. Joto lina uzito mkubwa: maji ya nyuzi 80 yanakula karibu mita 5 za hewa kwa mvuke wake peke yake, na ndiyo maana pampu za maji ya moto huwekwa chini ya tangi, si juu yake. Kwa kisima kirefu, taarifa inayotakiwa ni ripoti ya jaribio la kupampu: usawa wa maji yakiwa yametulia, usawa wakati wa kupampu, kiasi ambacho kisima kinaweza kutoa bila kukauka, na kipenyo cha bomba la ndani la kisima. Na kibali cha kuchota maji kutoka Kurugenzi ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji kitafutwe mapema, kwa kuwa kiasi kilichoruhusiwa ndicho mpaka wa mradi, hata kama pampu inaweza zaidi.

Kimiminika chenyewe kinastahili zaidi ya neno moja. "Maji" yanaweza kuwa ya ziwa, ya kisima yenye tindikali na madini ya chuma, au ya mto wenye mchanga baada ya mvua, na kila moja huila pampu kwa namna yake. Molasi ya viwanda vya sukari ina uzito wa karibu mara 1.4 ya maji na mnato mkubwa ambao huongezeka asubuhi ya baridi. Pampu ya kawaida yenye impela hupoteza nguvu humo, na mara nyingi kazi huangukia pampu ya gia au ya skrubu, inayosukuma kiasi maalumu kwa kila mzunguko. Kwenye vituo vya kuoshea kahawa vya Bugisu kuna maganda na punje, kwa hiyo muuzaji anatakiwa kujua ukubwa wa kipande kikubwa kabisa kitakachopita. Majitaka ya mjini yana kavera, yaani mifuko ya plastiki, na kavera huizinga impela kama kitambaa.

Kwenye kemikali, kosa dogo la maneno huwa kosa kubwa la vifaa. Viwanda vya maziwa na vya bia husafisha mabomba yao kwa kostiki soda ya moto. Aluminiamu haiivumilii. Mpira wa sili wa aina ya EPDM huivumilia vizuri, lakini mpira huo huo huharibiwa na mafuta; mpira wa FKM ni kinyume, hustahimili mafuta na huchoka mbele ya kostiki ya moto. Anayesema "sabuni ya kuoshea" amemwachia muuzaji bahati nasibu. Andika jina la kemikali, kiwango chake, joto lake, na itakaa ndani ya pampu kwa muda gani. Kiwanda cha chumvi cha Ziwa Katwe, huko Kasese, bado kinatajwa hapa nchini kama mfano wa mitambo iliyoliwa na maji ambayo tabia yake haikuheshimiwa: maji ya ziwa lile si chumvi ya mezani peke yake, yana kaboneti na salfeti, na mabomba hayakuyastahimili.

Umeme hauhitaji maneno mengi, ila yanayohitajika hayakwepeki. Uganda hutumia fezi tatu za volti 415 na herzi 50. Mchoro wa pampu uliochapwa kwa herzi 60 unaonyesha mashine inayozunguka kwa kasi ya asilimia 20 zaidi, na kwa kuwa kimo hubadilika kwa mraba wa kasi, pampu hiyo ikifika Jinja itatoa chini ya asilimia 70 ya kimo kilichoandikwa. Pima volti mahali penyewe wakati mitambo mingine inafanya kazi, badala ya kuandika 415 kwa mazoea. Taja jenereta na ukubwa wake, kwa sababu mota inayowashwa moja kwa moja huvuta kwa muda mfupi mkondo wa mara sita au saba ya kawaida, na jenereta ndogo huzima hapo hapo. Huenda ukahitaji kifaa cha kuiwasha pole pole au cha kurekebisha kasi. Mota za kawaida huhesabiwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000 na joto la hewa la nyuzi 40. Ukitoa maeneo ya bonde la Ziwa Albati na sehemu za Nile ya kaskazini, viwanda vyetu vingi viko juu ya mwinuko huo, hivyo mwinuko utajwe tena hapa.

Maungio nayo yana mtego mmoja nitakaoutaja kwa sababu niliwahi kuuona ukisimamisha kazi kwa wiki mbili. Flanji, yaani sahani ya kufungia bomba kwa bolti, ya milimita 100 ya kiwango cha PN16 ina matundu manane. Flanji ya inchi 4 ya kiwango cha Marekani cha daraja 150 nayo ina matundu manane. Ukiziangalia kwa mbali ni pacha. Lakini duara la matundu ya kwanza lina kipenyo cha milimita 180, na la pili milimita 190.5, na hakuna nyundo itakayozipatanisha. Andika kiwango cha flanji zako, au pima duara hilo na upeleke picha.

Halafu kuna biashara yenyewe. Bei inayoishia bandari ya Mombasa si bei ya Jinja. Katikati yake kuna zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, wakala wa forodha, mpaka wa Malaba, kodi za mamlaka ya mapato (URA), na ukaguzi wa shirika la viwango (UNBS) pale unapohitajika. Barua ieleze mzigo ufikishwe wapi, na iombe bei ionyeshe kama VAT ya asilimia 18 imo au haimo. Iseme pia kama unataka pampu tupu, au pampu na mota, kitako, kaplingi, sili ya akiba, kisanduku cha kuwashia, na fundi wa kuifunga na kuiwasha. Tofauti kati ya karatasi mbili mara nyingi huishia katika sentensi hiyo moja.

Mkusanyiko wa taarifa hizi una ugumu wa lugha pia. Barua za bei nchini huandikwa kwa Kiingereza ofisini, lakini anayejua pampu inalia saa ngapi hazungumzi Kiingereza. Anazungumza Kiswahili, Kiganda au Kisoga akiwa na spana mkononi. Nimejifunza kwenda kwake kwanza, kabla ya kufungua kompyuta, na kumwacha aeleze kwa maneno yake.

Barua yetu ya pili ilikuwa na kurasa mbili na mchoro. Kando ya kila namba tuliweka moja ya maneno matatu: imepimwa, imekadiriwa, haijulikani. Jambo hili dogo lilibadilisha mazungumzo, kwa sababu muuzaji aliona ni wapi anaweza kusimama na ni wapi anapaswa kuuliza. Tuliomba bei mbili, moja kwa bomba lililopo na moja kwa bomba jipya la inchi 6, na kwa kila pampu tuliomba mchoro wenye alama ya kazi yetu, ufanisi kwenye alama hiyo, NPSH inayodaiwa, orodha ya vifaa ilivyotengenezwa navyo, vipuri vya miaka miwili, na siku ambazo bei itadumu.

Mmoja wa wale watatu alirudisha bei ndani ya saa moja, bila swali, na pampu ikawa ile ile ya mwanzo. Mwingine alinyamaza kabisa. Wa tatu, yule wa pampu tupu, alipiga simu siku ya pili na kuuliza usawa wa chini wa shimo la maji umepimwa mchana au usiku, na kama kichujio kitaendelea kuziba. Tulimwambia ukweli. Karatasi iliyotiwa sahihi mwishoni ilikuwa na pampu ya hp 10, mita 600 za bomba la inchi 6, na chini kabisa, kwa mwandiko wa meneja mwenyewe, reki mbili kwa ajili ya zamu ya usiku.